Wakuu, farasi anahitaji blanketi gani la baridi hapa Dodoma? Begi linafungwa Ijumaa

Mchunga Upepo (#1)

Mbukwenyi wakuu.

Nipo shambani upande wa Hombolo, nachunga farasi watatu wa mzee mmoja mstaafu. Aliwaleta mwaka jana kutoka Arusha, hesabu yake awakodishe kwenye harusi na kwa wanaopenda kupiga picha. Wawili wana nguvu zao. Wa tatu ni jike, bibi kizee, mbavu unazihesabu ukiwa umesimama getini.

Mzee ana binti Uingereza. Wiki iliyopita walipigiana simu ya picha, akamuona baba yake kavaa koti na kofia ya sufu, akaingiwa na huruma. Siyo ya baba, ya farasi! Kuna mtu anasafiri wikiendi hii, amempa nafasi ya begi moja la kilo 23, na yeye anataka kulijaza mablanketi ya farasi ya baridi. Amenitumia picha kama arobaini niseme tunataka lipi. Yameandikwa gramu 50, gramu 100, 200, 300, mpaka 400. Mengine 600D, mengine 1200D. Saizi ziko kwa futi na inchi kama mbao. Yapo yenye shingo na yasiyo na shingo. Nimempelekea mzee, kanijibu, "Chagua wewe, ndiye unayeamka nao."

Ninachojua mimi ni kwamba mwezi huu wa saba upepo unapiga usiku kucha, na alfajiri natoka nimejifunga shuka mbili. Ikifika saa nne jua limekaa sawa, nimevua zote.

Juzi nikajifanya mjanja. Nikamfunika yule bibi blanketi langu la kitandani, yale mazito yenye picha ya simba, nikalifunga kwa kamba ya katani. Asubuhi nikaenda mjini kufuata pumba, pikipiki ikanifia njiani, nikarudi saa sita mchana. Nimemkuta amelowa jasho kama katoka bwawani, blanketi limezunguka liko tumboni, kamba imemchubua nyuma ya mguu wa mbele. Mzee hajui. Naombeni msinichome.

---

Kibaridi wa Makete (#2)

Nyuzi 13 za alfajiri ya Dodoma ndiyo mnaita baridi? Huku Makete asubuhi ya mwezi wa saba unakuta barafu juu ya majani, na ng'ombe wetu hawana hata soksi. Mnunulie mzee blanketi, farasi muache.

---

Mama Area C (#3)

Naweka kambi hapa. Mimi nilijua Dodoma tuna punda tu.

---

Fundi Turubai Sabasaba (#4)

Mkuu usisumbue watu wa Ulaya. Lete vipimo, nakushonea la turubai la lori, pembe zote na macho ya chuma. Halipiti maji wala upepo. Nimeshashona mpaka la kufunikia trekta.

---

Saisi Mstaafu (#5)

Kijana, kwanza pole kwa kamba, na asante kwa kusema ukweli. Wengi wangesema "nimemkuta hivi hivi".

Usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, nimeufanya miaka mingi, nikaanzia Nairobi kwenye farasi wa mbio, nikamalizia Newmarket huko huko Uingereza. Ngoja nikueleze hayo mablanketi yalitengenezwa kwa ajili ya nini, halafu picha arobaini zitapungua zenyewe.

Kule farasi anayefanya kazi ananyolewa wakati wa baridi. Ndiyo, ananyolewa kwa mashine! Sababu yake ni kwamba baridi ikikaribia anaota manyoya marefu kama ya kondoo. Ukimkimbiza na manyoya yale anatoka jasho, jasho halikauki, jioni anasimama na koti bichi mwilini. Kwa hiyo wanamnyoa, na wakishamnyoa inabidi wamrudishie walichomvua. Blanketi la gramu 300 kule ni malipo ya manyoya waliyoyafagia chini. Juu yake kuna mvua ya siku nne mfululizo, upepo, na matope mpaka magotini.

Sasa angalia kwetu. Mvua za Dodoma zinashuka kuanzia Desemba mpaka Aprili, na zinakuja na joto. Baridi yetu ni Juni na Julai, na inakuja kavu kabisa, huoni hata wingu. Maji na baridi havikutani juu ya mgongo mmoja hapa. Blanketi zito la farasi linauzwa kwa sababu ya siku vinapokutana.

Herufi na namba:

Gramu ni uzito wa pamba ya ndani kwa kila mita moja ya mraba. Gramu 0 maana yake hakuna pamba, ni kitambaa peke yake kama koti la mvua. Gramu 100 ni kama sweta jepesi. 200 ni la kati. Kuanzia 300 kwenda juu ni la farasi aliyenyolewa anayelala kwenye theluji. Usiyaguse hayo. Moja tu linaweza kula kilo nne au tano za begi lako.

Ile D ni unene wa uzi. Ukichukua uzi wa mita 9,000 ukaupima kwenye mzani, gramu zake ndiyo hiyo namba. 600D ni wa kawaida. Kama una miiba ya migunga na farasi anayependa kujikuna kwenye nguzo, tafuta 1200D.

Halafu kuna la nje na la bandani, na hapa ndipo watu wanaumia. La nje halipitishi maji. La bandani ni laini, linavutia kwenye picha, lakini likinyeshewa linakunywa maji kama sifongo na farasi anabeba ndoo mgongoni usiku kucha. Ukipewa moja tu, chukua la nje. La nje linaweza kulala bandani, la bandani haliwezi kulala nje.

Shingo achana nayo.

---

Kibaridi wa Makete (#6)

Hapo kwenye kumnyoa halafu kumvisha nimecheka mpaka chai imemwagika. Ni kama mtu anauza nyumba ili apate kodi ya kupanga.

---

Mjuaji wa Mambo (#7)

Rahisi tu: washa jiko la mkaa bandani usiku, funga mlango, baridi yote inaisha.

---

Daktari wa Kwato (#8)

#7 tafadhali, usimpe mtu ushauri huo hata kwa utani. Mkaa kwenye banda lililofungwa unaua kwa hewa yake kabla moto haujagusa majani makavu. Mwanzisha uzi, umesikia?

Mimi ni daktari wa mifugo, naishi Kongwa. Saisi kaeleza vizuri, naongeza upande wa mwili wa mnyama.

Farasi mzima aliyeota manyoya yake yote ya baridi, akiwa mkavu na ameshiba, anastahimili mpaka karibu nyuzi 15 chini ya sifuri kabla mwili haujaanza kuhangaika kutafuta joto. Lakini farasi wa hapa hana manyoya hayo, na hatayapata. Manyoya ya baridi huitwa zaidi na kufupika kwa mchana kuliko baridi yenyewe. Uingereza mchana wa Juni unazidi saa 16, wa Desemba haufiki 8, kwa hiyo ngozi inapata taarifa mapema kwamba msimu unageuka. Dodoma tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja. Farasi wetu anakaa na koti fupi mwaka mzima. Kwa mwenye koti fupi mpaka wake uko kwenye nyuzi 5 hivi, na upepo au maji yanaupandisha.

Nyuzi 13 au 14 za alfajiri ya Julai bado ziko juu ya huo mpaka. Wale wawili wenye nguvu hawahitaji chochote zaidi ya ukuta wa kuwakinga upepo na chakula.

Na chakula ndicho jiko lao. Majani magumu yanachachuka kwenye utumbo wa nyuma na uchachukaji huo unatoa joto saa nyingi. Pumba haifanyi kazi hiyo kwa kiwango kile. Farasi wa kilo 400 anatakiwa ale kilo 6 mpaka 8 za majani makavu kwa siku. Nunua marobota mapema, maana ukifika mwezi wa tisa bei inakuwa nyingine, na fungu kubwa wape jioni, siyo asubuhi. Usiku mrefu wawe wanatafuna.

Bibi kizee ni kesi tofauti. Kukonda kwake kusikufanye ukimbilie blanketi. Blanketi halinenepeshi, linaficha mbavu tu, na mwenye kuficha mbavu anashtuka mwezi wa kumi. Umeshamwangalia mdomoni? Farasi mzee meno ya nyuma yanachongoka, anatafuna na kutema vidonge vya majani chini. Ukiviona karibu na hori ujue ni meno. Yanasawazishwa kwa tupa maalumu. Minyoo nayo ichunguzwe kwenye kinyesi.

Akishapata hayo, huyo mmoja ningempa la gramu 100 kwa usiku, kwa sababu hana mafuta ya kumhifadhi.

---

Saisi Mstaafu (#9)

Daktari nakuheshimu, ila kwenye gramu 100 sikubaliani na wewe. Kijana yuko peke yake, na pikipiki yake tumeshaisikia. Akichelewa kulivua, gramu 100 saa tano mchana wa Dodoma ni sufuria yenye kifuniko. Bora gramu 0, limkinge upepo basi. Kosa la blanketi jepesi ni mnyama kutetemeka kidogo, na atakula zaidi. Kosa la blanketi zito umelisoma mwenyewe kwenye #1.

---

Daktari wa Kwato (#10)

Kwa farasi mwenye mafuta mwilini ningekuunga mkono. Kwa huyu mwenye mbavu za kuhesabu, kutetemeka kunakula kilo ambazo hana. Tutofautiane hapo, achague mwenye mnyama.

---

Ng'wana Chamwino (#11)

Wataalamu samahani nachomeka swali. Nina punda wanne wanaobeba maji na kuni. Nao? Maana farasi ameletewa begi kutoka Ulaya, punda hata gunia hajawahi kufunikwa.

---

Daktari wa Kwato (#12)

Swali la maana kuliko uzi wenyewe, samahani mwanzisha uzi.

Punda ni wa asili ya nchi kame. Manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi, na hata akipelekwa nchi za baridi haoti koti zito la msimu kama mwenzake. Kwa hiyo adui yake hapa ni mvua ya Januari, siyo upepo wa Julai. Mjengee kibanda chenye paa la kutosha wote wanne kusimama wakati wa mvua. Pesa ya blanketi iweke kwenye pedi nene chini ya mzigo na mikanda isiyo ya kamba ya naylon. Vidonda vya mgongoni na kifuani ndivyo ninavyoletewa kila mwezi, sijawahi kuletewa punda aliyekufa kwa baridi ya Chamwino.

---

Mzee wa Kolo (#13)

Nami niongeze la historia, maana farasi katika nchi hii ya kati wana habari yao. Mwezi wa nne 1916 Jenerali van Deventer alishuka kutoka Arusha na askari wa Afrika Kusini wapanda farasi, wakaja kuwatoa Wajerumani Kondoa-Irangi. Mvua za masika ziliwapiga njia nzima. Walifika Kondoa, lakini farasi walikuwa wamekufa kwa mamia njiani. Matope, njaa, mbung'o, na ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na wadudu. Wazee wetu walisimulia harufu.

Sasa kijana, mwulize daktari juu ya wadudu kabla hujauliza juu ya pamba.

---

Daktari wa Kwato (#14)

Mzee umenitangulia. Ndiyo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi, wale wadogo kabisa, wanaouma sana jua linapozama na kabla ya kuchomoza. Msimu wa mvua na muda mfupi baada yake ndiyo hatari, na farasi anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa mtu wa Dodoma kwenye begi la kilo 23, vazi la neti jepesi lililofunika mpaka tumbo lina kazi miezi mingi kuliko sweta lolote. Neti peke yake haitoshi, waingie bandani kabla ya magharibi na wapakwe dawa ya kufukuza wadudu, lakini inasaidia. Na mchana inapunguza mainzi.

---

Punda Milia (#15)

Basi aletewe la milia! Siyo mzaha. 2019 ulitoka utafiti uliofanywa Uingereza, walivisha farasi makoti meusi, meupe na ya mistari ya pundamilia. Wale nzi wakubwa wanaonyonya damu walitua mara chache zaidi kwenye ya mistari. Kwenye kichwa ambacho hakikufunikwa walitua sawasawa kwa wote, ndiyo wakajua ni mistari. Na kwenye picha za harusi mzee atapiga hela.

---

Fundi Turubai Sabasaba (#16)

Naona mmenipita kimya kimya. Turubai vipi?

---

Saisi Mstaafu (#17)

Fundi, hatujakudharau. Hata kule zamani, kabla ya hizi naylon, farasi alivaa turubai la pamba lililopakwa nta, wakiliita kwa jina la New Zealand. Lilikuwa zito kama mlango. Tatizo la turubai lako la leo ni plastiki: maji hayaingii lakini na mvuke wa mwili hautoki. Farasi analowa kutokea ndani. Kazi yako ipo kwingine, litundike upande wa kusini mashariki wa banda upepo unakotokea. Acha nafasi juu hewa ipite.

Kijana, vipimo. Waingereza wanapima kutoka katikati ya kifua, unapita ubavuni, mpaka mwisho wa tako. Siyo mgongo. Tumia futi ya fundi nguo, mnyama asimame sawa. Ukipata sentimita 175 hiyo ni futi 5 na inchi 9. 183 ni futi 6 kamili. 190 ni futi 6 na inchi 3. Ukiangukia katikati kwa farasi mwembamba wa mabega, shuka, usipande. Likiwa kubwa linateleza, na likiteleza anakanyaga.

Kamba za tumboni zivuke kama X, kiganja kimoja kipite kati ya kamba na tumbo. Ikilegea zaidi ya hapo ataingiza mguu akilala. Za miguu ya nyuma moja ipite ndani ya nyingine. Ukimvisha anza kufunga mbele, ukimvua anza kufungua nyuma, ili akishtuka lisimning'inie shingoni na kumfunga miguu. Wiki ya kwanza angalia mabega kila siku, ukiona manyoya yamesuguliwa yakang'aa, halimkai.

Joto usilipime masikioni, masikio yanadanganya. Ingiza kiganja chini ya blanketi nyuma ya bega. Vuguvugu na mkavu, sawa. Unyevu, vua hapo hapo.

---

Mchunga Upepo (#18)

Wakuu nimepima. Mara ya kwanza nimepata sentimita 131, nikajua tuna mbuzi. Kumbe nimepima mgongo. Nimerudia: madume 184 na 188, bibi 174.

Na daktari, nimevikuta vidonge vya majani chini ya hori la bibi. Vingi. Mimi nilikuwa navifagia kila siku nikijua ni mchezo wake.

Nimemwambia mzee habari ya blanketi la simba. Alikaa kimya muda, akaniuliza blanketi lenyewe limepona?

---

Mama Area C (#19)

Mzee ni wa kwetu huyo.

---

Mchunga Upepo (#20)

MREJESHO. Samahani nimechelewa, wiki tatu sasa.

Begi limefika. Nilimwandikia binti hivi: moja la nje, gramu 100, 1200D, halina shingo, futi 5 na inchi 9, na neti mbili za futi 6. Saisi unisamehe, nilisimama na daktari kwa sababu ya zile mbavu, lakini nimekusikia ya kuchelewa: siku nikiwa na safari ya mjini simvishi kabisa, au namlipa mtoto wa jirani aje amvue saa mbili. Kilo zilizobaki binti kajaza chokoleti na sweta la mzee.

Neti moja ni ya milia kweli. Dume mdogo alipomuona mwenzake kaivaa alikimbia mpaka kwenye uzio wa katani, ikabidi tukae naye nusu saa. Sasa amezoea, ila ameshang'ata pindo.

Fundi Turubai alikuja mwenyewe hadi shambani, tumefunga turubai upande wa upepo, chini tumepanga mabua ya mtama. Nikisimama ndani alfajiri nasikia upepo nje, na ndani vumbi halinyanyuki.

Meno ya bibi yamesawazishwa na mtaalamu aliyeitwa na daktari. Ilichukua muda, alipewa sindano ya kumtuliza. Siku mbili alikula kwa kusitasita, siku ya tatu akamaliza majani yote akaanza kunusa ya jirani. Mbavu bado zipo. Napitisha kiganja kila Jumapili, blanketi likiwa limevuliwa.

Leo saa kumi alfajiri nimeingiza mkono nyuma ya bega: vuguvugu, mkavu. Saa mbili na nusu nimemvua.

---

Kibaridi wa Makete (#21)

Uzi wa farasi mwenye milia hauna picha? Mnatuonaje?

---

Mchunga Upepo (#22)

Simu yenye kamera ni ya mzee, na mzee kaenda mnadani Msalato na sweta lake jipya. Akirudi naweka.